Ng'ombe wa Kwenye Tyubu

Nilipokuwa mtoto niliwahi kuufuata mfereji ili nijue maji yetu yanaishia wapi. Kijiji chetu kiko juu ya Hedaru, kule ambako ukiwa barabarani ukainua macho unaona ukungu tu, na juu ya shamba letu kulikuwa na ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Wazee walilijenga ili maji ya kijito yajikusanye usiku, asubuhi lizibuliwe, yateremke mashambani kwa zamu. Siku ya zamu ya mama nilitumwa nikae mferejini na jembe nihakikishe hakuna anayeyachepusha kwenda kwake, maana sisi Wapare kwa kugombania maji tunaweza kupelekana mpaka mahakamani Same, na tukitoka huko tukarudi kunywa kijito kilekile. Basi nimekaa pale, nikaona kipande cha jani la mgomba kinaelea, kikanipita kama mtu mwenye safari. Nikaacha jembe, nikakifuata.

Nilipita mashamba ya watu. Wanawake wakaniuliza wewe ni mtoto wa nani, sikujibu, nilikuwa naogopa jani lisinipotee. Migomba ikaisha, mahindi yakaanza, mahindi yakaisha, jua likaanza kuchoma kichwani, na maji yakawa yanapungua kila hatua mpaka jani likakwama. Mbele yake palikuwa na mchanga wenye unyevu, halafu mchanga mkavu, halafu mgunga mmoja, halafu tambarare yote. Nikakaa kusubiri yatokee mahali pengine. Akaja mtu na ng'ombe zake, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia maji yetu. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Yenu yanaishia hapa kila siku," akasema. "Hatujawahi kuyaona yakivuka huo mti." Akanipa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi. Mpaka leo nikinywa maziwa ya pakiti namkumbuka yule mtu, ingawa sura yake imeshanitoka.

Mama alinichapa kwa bua la mhindi mpaka likavunjika, akatafuta lingine. Jembe lilikuwa limeibwa. Jioni ile ile ikanyesha mvua, na mama ambaye bado alikuwa na hasira na mimi akanyanyua kitanda changu cha kamba, mimi nikiwa juu yake najifanya nimelala, akakisogeza mahali pasipovuja. Nyumba yetu iliezekwa kwa madebe. Baba alikuwa ameyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo, akayapigilia moja juu ya jingine, na alipofariki hakuna aliyeweza kuyapigilia kama yeye. Mama alijua kila tundu. Mvua ikianza alikuwa anapita gizani bila taa anaweka sufuria hapa, beseni pale, kopo kule, hakosei. Kitanda chake mwenyewe alikihamisha mwisho.

Sijui kwa nini nimeanzia kwenye jani. Nilitaka kusema habari ya lile paa, na ya mtu mmoja aliyenisaidia kuliondoa, ambaye nangoja arudi.

Shule niliishia darasa la nne. Nilifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, nikaoa, nikazunguka, mwisho nikaangukia Hedaru barabarani, nikawa fundi wa pancha. Malori yanapita usiku na mchana, misumari ipo, kazi haikosekani. Nilikuwa na beseni la maji, msasa, gundi, liva za kubandulia tairi, na pampu ya miguu iliyonipa ugonjwa wa nyonga. Pesa nilikuwa naishika. Nasema ukweli, nilikuwa naishika kila siku. Lakini kila nilipopanda mlimani kumsalimia mama nilikuta madebe ni yaleyale na sufuria zimepangwa pembeni zikingoja mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto wazima?"

"Wazima. Mama, mwaka huu naezeka."

"Sina shida mimi," anasema. Alikuwa amezeeka, mgongo umeinama, na kitanda bado anakihamisha mwenyewe.

Nilijaribu kila njia. Kwanza seremala alinitengenezea kibubu cha mbao, hakina mlango, kina tundu tu la kutumbukizia. Mke wangu anakijua vizuri kile kisu nilichokuwa nazichokolea noti kupitia tundu lile. Nikaona kumbe pesa ndiyo tatizo, nikaamua niweke vitu. Kitu hakiombwi na shemeji. Nikawa nanunua saruji ya kupigia kuta lipu kabla ya bati, mfuko mmoja mmoja kila nilipopata, na kwa kuwa nilijijua ningeiuza ikikaa Hedaru, kila mfuko nikaupandisha mlimani, mara kwa gari la mzigo, mara kwa punda, nikaupanga kwenye chumba cha nyuma kwa mama. Nilikuwa nimeshakaa sana kwenye joto. Mtu wa Hedaru anasahau ukungu. Kule kwetu ukungu unaingia ndani ya chumvi, unaingia ndani ya kiberiti, na mimi nilizaliwa ndani yake, lakini nikausahau. Nilipompeleka fundi mwashi, aligonga mfuko wa kwanza kwa kidole, akagonga wa pili, akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii tutaitumia kama mawe."

Yote ilikuwa imeganda. Ukichana karatasi unakuta jiwe lenye umbo la mfuko, mpaka mikunjo. Nilikaa chini. Mama akaja akakalia mfuko mmoja pembeni yangu, akaupapasa, akasema, "Angalau nimepata pa kukalia." Ngazi ya jikoni ni mifuko hiyo mpaka leo, mikunjo ya karatasi bado inaonekana. Wageni huniuliza ni mawe ya wapi.

Nikajiunga na kikoba, mimi na wanawake watupu, wananiita baba wa kikao. Kuweka tuliweka. Lakini mgao ulikuwa Desemba, na Desemba kwetu ndiyo mwezi ambao watoto wote wa mlimani wanapanda nyumbani kutoka Dar na Arusha na kila mahali, na kila mtu anamwangalia mwenzake mkono. Nilipanda na mgao, nikashuka na nauli. Baadaye zikaja pesa za kwenye simu, mjukuu wangu wa chuo akaniambia babu weka humo, salama. Nikamwambia simu yenyewe inakaa mfukoni, sasa tofauti ni nini?

Yule mtu aliyenisaidia kuliondoa paa alikuja Hedaru baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe. Ni Mpare pia, ila wa tambarare, mzaliwa wa Kwakoa, upande wa Ziwa Jipe, na ni Mwislamu, mimi Mlutheri wa mlimani. Umri wetu ulikuwa mmoja au karibu. Alikuja na fimbo, na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa, na kisu. Akakaa kwenye baraza lilelile la duka nilipokuwa mimi, akaniomba matairi ambayo mimi nimeshindwa nayo, akayakata na kutengeneza viatu vya katambuga. Tairi likifa kwangu, kwake lilikuwa linaanza maisha. Alikuwa mwembamba, anaongea taratibu, na alikuwa na tabia ya kusimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja gotini, kama wachungaji wote. Hata akiwa anangoja chai alisimama hivyo. Madereva walimcheka, wakamwuliza korongo umetua lini.

Tukaanzisha utani. Sijui kama wazee wetu walituachia utani wa mlimani na tambarare, sisi tuliufanya wetu. Yeye alisema watu wa mlimani tunanuka moshi na tunaishi mawinguni kama kunguru. Mimi nilisema watu wa tambarare wanaoga mvua ikinyesha tu, kwa hiyo tuwaombee.

Siku moja nimetengeneza magurudumu ya lori zima, nimelipwa vizuri, na kabla jua halijazama sina kitu. Huyu kaja kukopa, yule nimemnunulia chakula, huyu ni mtoto wa dada. Mtani wangu alikuwa ananitazama tu huku anatoboa mkanda.

"Mtani," akasema, "ubahili wa Wapare wewe unasingiziwa tu. Kwenye mabasi wote wanatucheka kwamba tunapika chungu cha makande kinaliwa wiki nzima. Mbona wewe pesa haimalizi hata alasiri?"

"Na zako ziko wapi?"

"Zangu pia zimeondoka." Akaweka kisu chini. "Kwetu akiba ilikuwa inatembea. Unaiona inakula majani, inazaa. Hakuna anayeuza ng'ombe ili anywe soda. Hizi karatasi zinakaa karibu mno na mkono."

Kisha akasema, "Nipe zako nikae nazo. Na mimi nitakupa zangu."

Nikacheka. Hakucheka. Akaeleza vizuri. Kila jioni tukifunga kazi kila mmoja ampe mwenzake alichojinyima siku hiyo. Kila mmoja aseme anataka nini, kitu kimoja. Na pesa hiyo isirudi kwa mwenyewe kwa jambo lingine lolote, aseme nini, afanye nini. Ndugu huwezi kumnyima, mkeo huwezi kumnyima, jirani unamwonea haya. Mtani unamnyima, unamtukana juu yake, na kesho mnakunywa chai pamoja.

"Hata nikilia?"

"Ukilia nitakucheka. Unataka nini?"

"Paa la mama. Mabati."

"Mimi nataka ng'ombe, nirudi Kwakoa nao. Siwezi kurudi mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa. Niliondoka na fimbo, nirudi na kitu mbele ya fimbo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Zangu alizitia kwenye kile kibuyu, akakitundika chumbani kwake. Zake nilizitafutia pahala kwa ufundi wangu. Nilikata kipande cha tyubu ya trekta, nikakibana mwisho huu na mwisho ule kwa gundi, kikawa kama mfuko usio na mdomo. Nikitaka kuongeza nakata mpasuko mdogo, natumbukiza, napiga msasa, napaka gundi, nabandika kiraka. Ilifika mahali tyubu yenyewe huioni, ni kiraka juu ya kiraka. Kisu cha kibubu kilinifundisha. Kwenye tyubu ile mtu hawezi kuchokoa, ni lazima aikate, na akiikata ataonekana.

Kila asubuhi alipofika barazani aliniuliza, "Wamenenepa?"

"Wamelala," namjibu. Au, "Jana wamekula." Maana kwake zile hazikuwa pesa tena, walikuwa ng'ombe wake, nimewafungia mimi.

Watu husema kuweka akiba ni kujinyima. Kujinyima si kugumu sana, njaa tulishaizoea. Kigumu ni ile wiki ambayo hakuna kitu, magari yanapita tu, na lile unalolitaka linaanza kuwa kama ndoto ya mtu mwingine. Siku hizo tulikabidhiana maneno. Jioni ikifika hatuna cha kupeana, ananiambia, "Haya, niezekee." Namwelezea paa, naanzia upande wa mlima ambao mvua inapiga zaidi, nafika kwenye kofia ya juu, namwambia mama amelala wapi. Halafu namwambia, "Niswagie." Na yeye anawaelezea ng'ombe mmoja mmoja, wa doa jeupe kifuani, mwenye pembe iliyolala, yule mtundu anayewatangulia wenzake kwenda ziwani. Walikuwa wale waliokufa. Sikuwahi kumwambia kwamba najua ni wale waliokufa. Alivyokuwa anawaelezea, hata mimi ambaye sijawahi kuchunga nilianza kuwapenda, na nikifika nyumbani naigusa ile tyubu chini ya kitanda kama mtu anayeangalia zizi.

Si kwamba sikujaribu kuvunja. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa, kamati ya harusi ikaniletea kadi, nikaandikwa mchango ambao hata tajiri angekohoa. Niliona aibu kukataa. Nikamwendea barazani, watu wapo.

"Mtani, naomba kidogo kwenye kibuyu."

"Mama amepata bati?"

"Bado, ila kuna harusi."

"Bwana harusi anavujiwa?"

Watu wakaanza kusikiliza.

"Usinifanyie hivyo. Ni damu yangu."

Akasimama kwa mguu mmoja akawageukia watu. "Jamani, mwoneni mtu wa mawinguni. Mama yake analala na sufuria kifuani, yeye anataka kula pilau na kupigwa picha. Mkate keki, mlishane, halafu mvua ikinyesha mkamlishe na mama."

Walicheka mpaka makondakta. Niliondoka kwa hasira, na siku kadhaa sikumjibu salamu. Yeye aliendelea kuuliza kila asubuhi, "Wamenenepa?" kama vile hakuna kilichotokea, na mimi nikiwa nimenuna nakata mpasuko, nabandika kiraka. Kwenye harusi nilitoa jogoo. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mara nyingine ilikuwa kubwa. Binti yangu mdogo aliugua, tukampeleka hospitali Same, wakasema alazwe. Nilirudi Hedaru kutafuta pesa, nikamkuta amekaa anakata tairi. Sikumwambia naomba. Nilimwambia nipe.

Akasema hapana.

Nilimshika shati. Yeye hakunishika. Aliingiza mkono chini ya sanduku lake, akatoa zake zote za siku hiyo, akaita na muuza chai aliyekuwa anadaiwa katambuga akamwambia leta, akaenda kwa mwenye duka akarudi na nyingine, akanitia mkononi. "Hizi si zako, ni zangu. Nenda. Za mama haziguswi." Mtoto alipona. Nilipotaka kumrudishia aliniambia nimletee matairi mazuri ya kufa. Nikamletea. Nilikuwa napita kwa mafundi wenzangu mpaka Same nawaomba matairi kama mtu anayeokota maua.

Mabati yalifika. Nasema yalifika kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini, niliyaona yako juu ya gari la mzigo yanametameta, na mtani wangu amekaa juu yake ameyashika asije akaanguka yeye. Hakuwahi kupanda mlimani maisha yake yote. Njia nzima analalamika, masikio yanaziba, baridi inamng'ata magoti, watu gani wanajenga mahali ambapo mbuzi anahitaji breki. Tulipofika alimwamkia mama, akamvua viatu vyake vya plastiki vilivyopasuka, akampima mguu kwa kiganja, akatoa katambuga kwenye mfuko wake. Zilimtosha. Alikuwa ameniuliza zamani mguu wa mama ukoje, nikamwonyesha kwa mkono, nikasahau.

Mama akampakulia makande.

"Mama, haya yamepikwa lini?"

"Jumapili, mwanangu."

"Jumapili ipi?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akamwambia ale, yakilala ndiyo yanakuwa matamu. Alikula akaomba tena.

Tulibandua madebe ya baba. Nilidhani nitafurahi, nikajikuta nayashusha polepole moja moja, nayaangalia misumari yake. Mama hakuruhusu yatupwe. Mvua ya kwanza ilipokuja, mimi na mtani wangu tulikuwa Hedaru, lakini jirani alisema mama alitandaza sufuria zake zote kama kawaida, akakaa kitandani akazisubiri. Asubuhi akazikusanya zikiwa kavu. Akaishi chini ya lile paa kiasi cha kutosha kulizoea, halafu akaenda zake. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa ndiva.

Hapa inabidi niruke mbele, mnisamehe, kwa sababu ninachotaka kukisema mwisho nataka kibaki mwisho. Siku hizi nimerudi mlimani, nyonga imenikatalia kazi. Naishi kwenye nyumba ile. Na nyuma ya nyumba kuna ng'ombe. Watu wakipita hunisifu, mzee umejikusanyia, nawaambia si wangu, wanadhani naogopa kuombwa. Si wangu. Mtani wangu alipoondoka, tyubu ilibaki kwangu. Nilingoja. Nikapanda basi mpaka Mwanga, kutoka hapo nikateremka hadi Kwakoa, nikauliza. Wengine walimkumbuka, wakamkumbuka na baba yake na mahali zizi lilipokuwa, lakini hawakuwa wamemwona. Mmoja alisema kavuka mpaka, mwingine alisema yuko Simanjiro anachungia watu. Nilikaa kwenye lile zizi la zamani, miiba imeota katikati. Nikarudi.

Nikaendelea kungoja na tyubu chini ya kitanda. Ilikuja miaka ya shida, na mke wangu, ambaye hana tamaa, aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama mwenyewe atajua. Nikamjibu kwamba atajua. Hakuuliza tena. Nilichokiogopa ni kingine. Kila nikienda mnadani bei ya ng'ombe imepanda, na zile karatasi ndani ya tyubu hazinenepi. Nikaona zikikaa hivyo, ng'ombe wake watakonda mmoja mmoja mpaka abaki na kamba. Yeye alisema pesa yake isitoke ila kwa ng'ombe. Basi nikaikata tyubu, nikaenda mnadani, nikamchagulia. Nilitafuta wa doa jeupe kifuani mpaka wachuuzi wakanichoka. Nikampata. Mwenye pembe iliyolala sikumpata, lakini huyo wa doa amezaa, na ndama wake mmoja pembe zinaanza kwenda upande. Jioni nikiwafungia nasimama pale, kuna siku najikuta nimesimama kwa mguu mmoja.

Tyubu ninayo bado. Nimeibandika tena ilhali haina kitu.

Sasa ile asubuhi aliyoondoka. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, vumbi limetulia, milima iko karibu kama unaweza kuigusa. Mwezi wote ule nilikuwa naificha habari ndani ya kifua changu, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba zimefika. Zinatosha ng'ombe wa kuanzia, na zaidi kidogo. Na kesho yake kulikuwa na mnada. Nilitoka nyumbani na tyubu nimeifunga kwenye gunia. Alikuja, akasimama, akakunja mguu.

"Wamenenepa?"

Nikamwekea gunia miguuni. "Wamefika. Kesho mnada. Wachukue uende nao kwenu."

Nilitegemea atacheka, au atanitukana. Aliinama, akaitoa ile tyubu, akaipima kwa mikono miwili. Akapitisha vidole juu ya viraka, kimoja kimoja, kama anavisoma. Akainusa. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Ni wazito," akasema.

"Wewe ndiye uliyewalisha."

Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Malori mawili yalisimama yakapuliziwa upepo na kuondoka, yeye bado ameishika. Nikamwambia kwa utani, "Au umeshazoea Hedaru? Unaogopa kwenda kuishi na watu wasiooga?"

Akatabasamu. Akanirudishia.

"Kaa nao kidogo, mtani," akasema. "Nyasi sijaziona tangu ule ukame. Siwezi kupeleka ng'ombe mahali sijui kama kuna nyasi. Ngoja niende nikaangalie kwanza."

"Na mnada?"

"Mnada upo kila wiki."

Ilikuwa na akili, hata mimi niliona ni maneno ya mchungaji. Akaingiza kisu na msharasi wake wa kutobolea mikanda kwenye sanduku, akalisukuma chini ya benchi langu ambako linakaa kila siku. Akachukua kibuyu chake na fimbo. Nikamwambia ngoja basi la Mwanga, haliko mbali, akasema atatembea kidogo kwanza, anyooshe miguu, litamkuta njiani. Alivaa katambuga alizozishona mwenyewe, za tairi moja la nyuma nililompa mimi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka barabara, akashika ule upande wa Same, anakwenda taratibu kando ya lami bila kugeuka nyuma. Nilimtazama mpaka lori likapita katikati yetu, na lilipokwisha kupita nilimwona tena, mdogo, fimbo begani. Nikainama kwenye beseni langu, kulikuwa na tyubu ya mtu inangoja nitafute tundu.

Hakurudi.